Nilicheza mashimo saba na nusu kati ya tisa, nikakosa kazi ya kufundisha gofu Bariadi

Wakuu mwadila, poleni na majukumu.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na kitu, niko huku Simiyu. Huwa nasoma nyuzi zenu kimya kimya tu. Leo naandika la kwangu, na sitaongeza chumvi maana lenyewe lina chumvi ya kutosha. Shule nimeisomea ukubwani, madarasa ya jioni, kwa hiyo kwenye kuandika mtanivumilia.

Najua mtauliza gofu Bariadi imetoka wapi.

Kipo kiwanja kidogo nje ya mji, mashimo tisa, kilianzishwa na watu wa pamba. Msifikirie vile vya kwenye TV. Green zetu, yaani pale penyewe penye shimo, hazina hata jani moja, ni mchanga uliochanganywa na oil chafu ukashindiliwa. Kabla hujasukuma mpira kuingia shimoni unapitisha reki kwanza.

Nimefyeka nyasi pale miaka mingi. Wenyewe wakishaondoka, sisi wafyekaji tulikuwa tunacheza kwa fimbo za kuazima. Nikajifunza hivyo hivyo, mpaka nikawa nawashinda wanaume.

Mwaka huu wakanunua mashine ya kukata nyasi. Tukaambiwa mwezi ukiisha na sisi ndio basi.

Ikabaki nafasi moja tu. Mwalimu wa kufundisha wanawake na watoto, ajira ya kudumu, na nyumba ya kuishi pale pale kiwanjani. Mume wangu mgongo umemharibikia, halimi tena. Nyumba nzima inaniangalia mimi. Niseme ukweli, sijawahi kumwomba Mungu kitu kama nilivyoiomba ile kazi.

Tukabaki wawili, mimi na Minza, binti mmoja wa mjini, mcheshi, ana mkono mzuri. Kapteni wa kiwanja, mzee Maduhu, akasema tutacheza mashimo yote tisa, mwenye mapigo machache ndiye mwalimu. Siku ni Ijumaa.

Sasa wakuu, mimi ni Msabato. Sabato yetu inaingia Ijumaa jua likizama. Likishazama sifanyi kazi, sichezi, hata jikoni siwashi moto wa kupika. Nilimwambia kapteni mapema kabisa.

Akacheka. "Mayu, tunaanza saa nane mchana. Jua linazama wewe umeshaoga, umeshavaa gauni la kanisani." Mayu kwetu ndiyo mama.

Ijumaa ikafika, na mvua ikafika nayo. Mvua ya radi. Tumekaa bandani tunaangalia maji. Ilipokatika saa kumi ilishapita.

Nikamwambia, "Kapteni, tusogeze mpaka Jumapili."

"Jumapili mimi nina kanisa langu, na Jumatatu asubuhi kamati inataka jina. Ni leo, mayu."

Nikaangalia jua. Nikaona nikitembea haraka nitawahi. Nikakubali.

Wanaojua gofu watanielewa, wasiojua nitawarahisishia.

Shimo la kwanza limenyooka, na kila mtu anatoa draiva, ile fimbo ndefu kuliko zote, apige mbali. Mimi siitoi. Kulia kuna mfereji wa maji, mpira ukiingia umekwisha. Napiga fimbo fupi kushoto, kwenye matuta ya zamani ya pamba, halafu natokea pale. Nikafanya hivyo. Minza akapiga draiva, mfereji ukameza.

"Sengi, leo unacheza kama unakimbizwa na fisi," akaniambia huku anacheka. Sengi ni shangazi, ndivyo anavyoniita.

La pili unavusha korongo. Pale makosa ya watu ni kuamini macho. Linaonekana karibu, kumbe upepo wa baada ya mvua unarudisha mpira. Chukua fimbo ndefu kuliko unayodhani, piga taratibu. Nilivuka.

La tatu na la nne nitayapita haraka kama nilivyoyapita siku ile. La tatu linakunja kushoto kwenye ua wa minyaa, na dawa yake ni kutokuwa na tamaa ya kukatiza. La nne ni kilima cha changarawe, siku zote naangusha mpira mbele ya green ujisogeze wenyewe. Ila kwa sababu ya maji nilijua hautasogea, nikaurusha mpaka juu kabisa. Ukakaa karibu na shimo. Hata mzee Maduhu alisema "gete", yaani kweli kweli.

Hapo nilikuwa naongoza, na moyoni namshukuru Mungu.

Shimo la tano ndilo lililoniua.

Njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji inakatiza pale katikati. Siku zote wanapita mchana, ila mvua iliwashikilia, wakaja saa ile ile yetu. Kundi kubwa gete, na wamekuta majani mapya yamelowa, nani awatoe? Mchungaji ni mzee na baiskeli yake, anapiga mluzi tu.

Nikamfuata. "Baba, tunaomba njia."

"Mna haraka ya wapi?"

"Ya Sabato."

Akaniangalia, akaangalia fimbo mkononi kwangu. "Sabato mnachungia nini na hako kafimbo?"

Wote wakacheka, hata mimi nilicheka kidogo. Ila jua halikusimama kutusubiri.

La sita ni refu kuliko yote. Watu wanataka kulimaliza kwa nguvu, mimi nalikata vipande vifupi vifupi, sikosei. Siku ile miguu ilikuwa inaenda mbio ila mikono niliiambia itulie. Minza yeye ana mwendo wake. Anapiga reki mchanga taratibu, anachuchumaa, anasimama, anachuchumaa tena. Sikumlaumu, ni haki yake, hajafanya ubaya wowote.

La saba kuna shimo la mchanga mbele ya green. Nikalikwepa kulia. Tulipotoka pale nilikuwa nimemzidi mapigo manne.

Mapigo manne kwa mashimo mawili, wakuu. Hata kipofu angemaliza.

La nane linaelekea magharibi. Jioni jua linakupiga usoni, hivyo unapiga ukiwa umeangalia chini na unamwachia mwenzako akuangalizie mpira umeangukia wapi. Mpira wangu ukaenda vizuri, wa pili ukafika kwenye green. Nikachukua reki, nikatengeneza njia yangu mpaka shimoni. Umbali wa hatua chache tu.

Nikainua uso. Jua lilikuwa limebaki kipande kama ukucha. Minza alikuwa hajapiga wa kwake, na kwa taratibu zetu aliye mbali ndiye anaanza.

Akapiga. Nikainua uso tena. Kipande hakipo.

Nikainama, nikaokota mpira wangu.

"Mayu, unafanya nini?" kapteni akauliza.

"Sabato imeingia."

"Mwanga si huu hapa upo? Unaona mpaka kule bandani."

"Mwanga upo. Jua halipo."

"Sukuma huo mpira. Limebaki shimo moja, jepesi, mtoto analicheza. Mungu atakuandikia dhambi kwa shimo moja?"

Minza akanishika mkono. "Sengi, cheza. Mimi sitamwambia mtu."

Nikamwambia, "Najua, mwanangu. Wewe malizia."

Akamalizia. Alitembea na kapteni kwenda la tisa, mimi nimesimama na mpira mkononi. La tisa ni jepesi kuliko yote na nilikuwa nimeshalipanga kichwani, lakini sina cha kuwaeleza jinsi nilivyolicheza.

Jumatatu jina likapelekwa la Minza.

Sabato ile nilienda kanisani kama kawaida. Nikamweleza mzee mmoja wa kanisa, nikitegemea atanitia moyo. Akasema, "Dada, gofu yenyewe ni mchezo wa walevi. Bwana amekutoa huko." Akaendelea kugawa vitabu vya nyimbo. Hakuna aliyeuliza tutakula nini.

Mume wangu alisema neno moja tu. "Lilikuwa shimo moja." Hajarudia, ila kila tukikaa kula nalisikia.

Sasa hivi niko Lalago kwa mama mkwe, napalilia pamba ya watu. Magoti yanauma. Binti yangu mkubwa ameacha kuniuliza habari za ada yake ya shule, na hilo linanichoma kuliko angeuliza.

Juzi Minza kanipigia. "Sengi, kuna mtoto anatumia mkono wa kushoto, namwanzishaje?" Nikasimama kati ya pamba, nikamwelekeza vidole vinakaaje kwenye fimbo, miguu inakaaje, mabega yanakaaje. Akanishukuru sana. Nikarudi kwenye jembe, sikuona vizuri magugu ni yapi na pamba ni ipi.

Nilichojifunza ni hiki. Kama una siku yako usiyoivunja, usikubali kuanza jambo ambalo saa zake zimeshikwa na mtu mwingine. Kataa mwanzoni, pale bandani, kabla hujapata tumaini. Kukataa ukiwa huna kitu mkononi si sawa na kukataa umeshaongoza kwa mapigo manne.

Na msiniulize kama ningerudia. Ningerudia, hata leo. Sijutii kuokota ule mpira.

Ila wakuu, tangu utoto nimefundishwa kwamba ukimtii Mungu kwenye jambo gumu unapewa amani. Mimi nimetii. Nasali asubuhi, nasali jioni, nikinyanyuka pale nilipopiga magoti moyo ni mzito vile vile. Mlango mwingine watakaosema utafunguliwa sijauona, na sitaki kudanganya kwamba nauona.

Kwa hiyo sihitaji pole, na wenye kejeli nao waseme tu, nitasoma. Nawauliza waumini mlio humu, wa dhehebu lolote, mliowahi kuacha kitu mlichokuwa mmeshakishika kabisa kwa ajili ya imani. Hiyo amani ilikuja? Na kama ilikuja, mlikuwa mnafanya nini wakati mnaisubiri?