Siku Tatu za Muhogo, Kisha Kimya

Rafiki yangu, nilikuwa nafua nguo nyuma ya nyumba, hapa Baraka, pale nilisikia batoto banacheza kanisa. Hiyo haikunishtua. Kila siku banachezaka kanisa: mumoja anakuwa muchungaji, bengine kwaya, mwingine anakusanya majani kama sadaka. Lakini asubuhi ile mutoto wangu wa miaka saba alishika kigunzi cha muhindi mbele ya mudomo wa mwenzake, kama mikro ya kukuza sauti, akamwambia na ile sauti ya bakubwa ba kanisa: "Sema tena. Mama yako alifanya nini kule pori?"

Mwenzake ni binti ya dada mumoja jirani; ule mama alipokelewa kanisani kwetu mwaka uliopita. Katoto kakafunga macho, kakasema yote, neno kwa neno, vile mama yake anasemeshwaka siku ya Mungu, Jumapili. "Balinikamata pale nilikuwa nachota maji. Nikapikia baaskari ba pori. Nikazaa mutoto mwenye hana baba." Na ule mutoto mwenye hana baba ni kale katoto kenyewe kalikuwa kanasema. Nazani kalikuwa hakajajua bado kama kanajisema. Batoto bote bakajibu Amina.

Niliacha nguo mu beseni. Uvumilivu yangu ilikatikia pale pale.

Mi sikukulia mu kanisa ya namna hii. Nilikulia kijiji cha Swima, kwa Tate, mama ya mama yangu, mu nyumba yenye ilinuka ndagala, zile samaki ndogo za ziwa, tangu mulango mpaka muto wa kitanda. Ndagala zilianikwa kwenye muchanga, na kazi yetu batoto ilikuwa kufukuza kuku na kujifanya hatuzili. Ngoma ya kanisa ililia mbele jua haijatoka vizuri. Tate alikuwa mama ya kanisa, lakini usifikiri ni ule wa kukaa mbele na kitambaa kyeupe. Kazi yake ilikuwa ingine.

Pale muntu mwenye historia mubaya aliomba kuingia kanisa, bazee habakumusimamisha mbele ya bantu. Balimutuma kwa Tate, na Tate alimupa kisu. Ndiyo, kisu. Muntu ametoka kuua na kuiba, yeye anamupa kisu na kitunga cha muhogo, anamwambia kaa, menya. Banamenya pamoja, Tate, huyo mugeni na muzee mumoja wa kanisa, halafu banapeleka muhogo kuloweka mu maji. Siku tatu muhogo inalala kule, na siku tatu muntu anasema yake yote kwa bale babili tu. Anaweza kulia, anaweza kudanganya kwanza, Tate hana haraka. Siku ya nne muhogo inatoka, inakauka, inatwangwa, na bugali yake inaliwa na kila muntu mwenye anapita. Kuanzia pale maneno imekwisha. Tate alisemaka: "Yenye ililoweka, tumeshakula." Mwenye alifufua ile maneno, azabu yake ilikuwa kusenyea kuni jiko ya ule muntu juma nzima.

Mi nilisenya. Nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa na sababu. Mwanaume mumoja alishuka kutoka milima, alikuwa amebeba bunduki miaka mingi, kila muntu alijua. Tate akamupokea, akamupa blanketi. Blanketi ya nani? Yangu. Alikula bugali ya bantu batatu, akakohoa, akacheka peke yake. Siku ya tano, pale tunakula, nikamuuliza mbele ya bote: uliua bangapi? Mukono yake ikasimama juu ya sahani. Tate hakunipiga. Alinitazama tu, akasema kuni za kule juu ndiyo zinawaka vizuri, si zile za karibu. Juma nzima nilipanda kile kilima nikimulaani Tate, mugeni na kanisa yote. Lakini ule mwanaume alioa pale Swima, akakuwa fundi wa mitumbwi, na batoto bake balikomaa bila kusikia hata nusu ya ile jibu nilitaka.

Sasa Tate amekufa. Hapa tunanunua unga yenye imeshasagwa, hakuna mwenye analoweka kitu siku tatu. Muntu anaokoka asubuhi, mangaribi iko na mikro.

Basi nilienda kwa prezida, mukubwa wa bamama ba kanisa, mikono bado na sabuni. Nikamuelezea muchezo wa batoto. Alisikitika, siwezi kumusingizia. Halafu akasema siku ya Mungu yenye inakuja wageni banashuka kutoka Fizi, na jina ya ule dada jirani iko tayari kwenye programu.

"Ule ushuhuda unavuta bantu, mama. Unataka tufiche kazi ya Mungu?"

Nikamwambia kazi ya Mungu iko pale kwa dada inatwanga sombe, majani ya muhogo, aende aiangalie. Akasema dada hajakataa hata siku moja, niende nimuulize mwenyewe. Nikaenda. Alikuwa anatwanga kweli. Nikamuuliza kama anapenda kusimama kule mbele. Hakuacha kutwanga.

"Nikikataa, batasema roho yangu ingali kule pori."

Nikamuuliza kama anajua binti yake ameshika yote kichwani. Pale ndiyo muchi ilisimama.

Akaniambia: "Andika, mama. We ulisoma. Mi sitaki tena."

Nilirudi nikaandika, kwa Kiswahili ya masomo, ili basiseme ni hasira ya mwanamuke. Nilipeleka mwenyewe, nikangoja mpaka karani akapiga muhuri. Hii hapa:

"Kwa Komite ya Wazee wa Kanisa, Baraka.

Ninaleta malalamiko kwa ajili ya dada yetu ambaye amesimamishwa mara nne kuhadithia mateso yake mbele ya watu, mtoto wake akiwa ameketi kwenye kwaya ya watoto. Yeye mwenyewe amesema hataki tena, nami ni shahidi. Ninaomba jina lake liondolewe kwenye programu ya Jumapili hii, na asiulizwe tena na mtu yeyote, wala mgeni wala mwenyeji. Mkikataa, nitaketi mlangoni na mtoto wake na wangu, na wageni watanikuta hapo.

Kama nafasi yake itabaki wazi, andikeni jina langu. Ninao ushuhuda: mara zote nne nilikuwa ndani, nilisikia kila neno, na nilipiga makofi."