Marcienne na Seremala wa Nyamityobora

Mwezi wa Agosti 2019, Venuste alifariki katika hospitali moja ya Mbarara, baada ya figo zake kukataa kufanya kazi. Mkewe, Marcienne, ni jirani yangu hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale; mlango wake na wangu inatazamana. Yeye ni Mrundi, mimi ni Mkongomani wa Uvira, lakini Kirundi nakisikia vizuri. Binti yake pekee, Bella, alikuwa na mimba ya miezi minane, hivyo Marcienne aliniomba mimi nimsindikize kutafuta jeneza.

Tulielekezwa Nyamityobora, mtaa wa humohumo Mbarara, kwa maseremala wanaofanyia kazi kando ya barabara. Wa kwanza tuliyemkuta alikuwa mwanamume wa miaka hamsini hivi, ameinama akipiga randa, penseli sikioni. Marcienne alimsalimia. Yule mtu aliinua kichwa, randa ikamponyoka.

"Marcienne," akasema.

Marcienne alikwenda kukaa juu ya rundo la mbao, akatazama upande mwingine. Nilidhani ni msiba unamchanganya, basi mimi ndiye niliyetaja urefu wa marehemu. Jioni tukaletewa jeneza limepigwa msasa nje na ndani. Sijawahi kuona jeneza lililopigwa msasa kwa ndani.

Wiki moja baada ya maziko ndipo aliponieleza.

Yule seremala anaitwa Térence. Mwaka 1993, huko kwao kaskazini mwa Burundi, walikuwa wachumba. Marcienne alikuwa na miaka ishirini na mmoja, Térence ishirini na mitano. Hawakuwa kabila moja, lakini wazazi walikuwa wamekubaliana, na padri alikuwa amesoma tangazo la ndoa yao Jumapili mbili. La tatu halikusomwa. Vita vilianza katikati ya wiki.

Marcienne alikuwa kwa shangazi yake, upande wa mpaka wa Tanzania, akavuka na wengine. Mdogo wake Patrice, kijana wa miaka kumi na saba, alibaki kilimani, kijijini kwao. Térence alimchukua na kumficha nyumbani kwa mama yake. Siku ya nne Patrice akatolewa na kuuawa. Habari ilimfikia Marcienne kambini Tanzania kwa maneno machache: Térence amemtoa.

Aliporudi Burundi miaka ilikuwa imepita, na Térence hakuonekana tena kule. Akaolewa na Venuste, mtu mpole aliyejua habari yote na hakuiuliza hata siku moja. Mwaka 2015 nchi ilipochafuka tena, wakakimbilia Uganda. Kumbe na Térence alikuja mwaka uleule.

Baada ya yale mazishi, Térence alianza kuja Nakivale. Alipanda gari kutoka Mbarara mpaka Kabingo, kisha boda. Alisimama nje ya uzio wa minyaa, haingii.

"Mama Patient," ananiambia, "mwambie nimekuja."

Namwambia. Marcienne hainui uso kwenye ungo wa maharage.

"Mwambie nimesikia."

Miaka mitatu ilikwenda hivyo. Halafu Térence akaacha kuja. Nilidhani jirani yangu sasa atapumua, lakini alianza kukonda. Asubuhi moja nikamkuta amevaa kitenge cha kanisani, na haikuwa Jumapili.

"Mama Bella, unaenda fasi gani?"

"Nyamityobora. Huyu mtu akifa, nani atanionyesha pale Patrice alipolala?"

Nilikwenda naye. Térence alikuwa mzima, ila amezeeka. Vumbi la mbao limemwingia kifuani, anakohoa. Aliposema aliacha kuja kwa sababu aliona anamtesa, Marcienne alimkatiza.

"Sikuja kwa hayo. Niambie ilivyokuwa."

Térence akasimulia akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mtoto mbele ya mwalimu.

"Nilimweka juu ya dari, kwenye mahindi. Walikuja watu tisa. Wawili tuliimba nao kwaya. Walimwekea mama panga shingoni, wakasema nichague. Nikaegesha ngazi."

"Patrice alisema nini?"

"Alisema, 'Shemeji, nishike mkono, ngazi inacheza.' Nikamshika."

Mimi nililia. Marcienne hakulia.

"Wakampeleka wapi?"

"Waliteremka naye kuelekea mtoni. Niliwafuata mpaka kwenye mibuni ya mwisho. Hapo nikarudi."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui, Marcienne."

Miaka thelathini alikuwa amemchukia mtu huyu, lakini ndani ya chuki ile kulikuwa na tegemeo moja: kwamba yupo mtu hai anayejua kaburi lilipo. Sasa hata hilo halikuwepo. Aliinuka, akakung'uta kitenge, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimekusamehe. Ila usinishike mkono."

Nilitegemea kwamba neno lile litamfungua kitu. Watu wa semina huja hapa kambini na kutuambia kwamba ukisamehe, utalala. Marcienne hakulala vizuri zaidi. Lakini alimruhusu Térence kuingia ndani ya uzio. Akawa anakuja Jumapili baada ya misa, anakula ugali na samaki wadogo wa ndagala, anarekebisha mlango, anatengeneza kigoda cha mjukuu. Walikuwa wakiongea habari za kilima chao: nani alikuwa na ng'ombe mkali, nani aliiba divai ya padri. Mara moja nikamsikia Marcienne akicheka. Nilitoka nje nihakikishe ni yeye.

Pasaka ya mwaka 2024 Térence akamwuliza kama wanaweza kumalizia lile jambo la padri.

"Tumezeeka, najua," alisema. "Ila ningependa nizikwe nikiwa wako."

Marcienne alifikiri siku mbili. Jibu lake nililisikia kwa masikio yangu, na nalikumbuka kila siku.

"Nitafutie Patrice kwanza. Ukimpata, nitasimama na wewe kanisani."

Sidhani alikusudia lile lililotokea. Nadhani alikuwa anatafuta njia ya kukataa bila kumwumiza, au ya kukubali bila kujichukia. Lakini Térence alilichukua neno lile kama lilivyo. Akajiandikisha na wanaorudi Burundi, na mwezi wa Julai akapanda basi la wakimbizi wanaorejea. Siku ya kuondoka walisimama kati ya magodoro na kuku waliofungwa miguu, kila mmoja akitazama mizigo ya watu wengine. Basi lilipowashwa, Marcienne alimpa mkono. Térence aliushika, akasahau kuuachia mpaka dereva akapiga honi.

Alipiga simu mara tano. Kati ya wale tisa, mmoja tu ndiye bado yuko kilimani. Mzee yule alimwambia hakuna mtu aliyeitwa Patrice mahali pale, na kwamba aliyerudi kutoka ukimbizini angefanya vizuri kulima shamba lake na kunyamaza. Simu ya tano Térence alisema ameanza kuchimba mwenyewe kando ya mto, kuanzia kwenye mibuni ya mwisho kwenda chini.

"Rudi," Marcienne alimwambia. "Acha. Rudi tu."

"Bado kipande kidogo," alijibu.

Mwezi wa Oktoba mpwa wake alipiga simu. Térence alikutwa asubuhi amelala kifudifudi karibu na mto, jembe chini yake. Ndugu walisema ni kifua. Watu wengine hawakusema kitu, na huko kwao kutosema nako kuna maana yake. Alikuwa amechimba mashimo kumi na moja. Yote yalikuwa matupu.

Marcienne aliirudisha simu kwangu, maana ilikuwa yangu.

"Nimemtuma mimi," akasema.

"Hukumtuma, Mama Bella. Alikwenda kwa hiari yake."

"Yeye alikuwa na mimi wa kumwomba msamaha. Mimi nitamwomba nani?"

Padri alipokuja alijaribu kumjibu. Alisema misa kwa ajili ya wanaume watatu, Venuste, Patrice na Térence, akiwataja kwa majina pamoja. Marcienne alikaa benchi la nyuma na hakwenda kupokea komunyo. Mpaka leo haendi.

Ningependa kusema anaendelea vizuri, lakini ningedanganya. Anakula akiletewa na Bella. Akiongeleshwa, anajibu. Msimu huu mvua ilikatika mapema na mahindi yamekaukia magotini, na chakula cha msaada kilipunguzwa tangu zamani. Wingu lilipojikusanya juzi upande wa ziwa, nilimwuliza kama tupande maharage au tusubiri.

"Panda wewe," akaniambia, akaingia ndani.