Zulia la Matambara Juu ya Makoro

Enzi zetu pale Majengo, mtoto aliyeweza kukimbia peku juu ya makoro hakuhitaji cheti kingine. Makoro ni yale mawe meusi yaliyobaki volkano iliposhuka mpaka katikati ya Goma, ikameza mitaa yetu, kisha ikapoa. Tulirudi tukajenga vibanda vya mbao juu yake, na sakafu zetu zikawa mawe yenye meno. Ukishuka kitandani bila kuangalia, unachechemea siku nzima. Watoto wa leo, mtandao ukikatika dakika tano tu, wanaona dunia imekwisha!

Ndipo Mama akatufundisha, mimi na dada yangu Furaha, kutengeneza mazulia ya matambara, tapi kama alivyoyaita. Tuliomba mabaki kwa fundi wa nguo, tukaongeza sweta zilizochanika na mashuka yaliyochoka, tukayakata vipande vyembamba vya upana wa kidole. Tulitandaza gunia ambalo bado lilinukia unga, na kwa msumari uliopindwa tukavuta kila kipande kupitia tundu na kukifunga fundo. Vidole vilivimba, lakini tulicheka sana, maana Furaha alipenda kuimba na sauti yake ilikuwa ya chura. Mama alikuwa mkali kwa jambo moja tu: "Kata ukifwata uzi. Ukikata upande-upande, tapi itatawanyika."

Zulia langu la kwanza lilikosa rangi nyekundu ya pembeni. Nilitafuta kila mahali, nikafungua hata kifurushi cha Mama. Humo nikakuta kikwembe chekundu, kitenge cha kujifunga, kimefifia, kikuukuu machoni pangu. Nikakikata. Nilikuwa nimefika katikati Furaha alipoingia, akajishika mdomo. Kumbe ndicho kikwembe alichoolewa nacho Mama, kitu pekee alichotoka nacho siku moto uliposhuka. Papa, baba yetu, alikuwa ameshafariki, na picha zao zote ziliungua.

Mama aliporudi kutoka sokoni alikishika kile kikwembe, akakaa chini juu ya mawe. Nilisubiri kofi, kusema kweli, nililitamani.

"Leta makasi," akasema.

Nikaleta.

"Umekata mubaya. Haukufwata uzi. Angalia."

Akakata mwenyewe nusu iliyobaki, polepole, machozi yakimtiririka, mkono umenyooka. Jioni hiyo tulimaliza ukingo mwekundu wa zulia pamoja, yeye upande wake, mimi upande wangu.

Baadaye waasi walikuja, wakaondoka, wakaja wengine, na mazulia yetu yakachakaa kwa kukanyagwa. Siku hizi sakafu ni za saruji na mazulia yanatoka dukani. Binti zangu wanayakanyaga bila kujua nani aliyafuma, na wakichoka nayo wanayatupa. Siwalaumu, ila nawahurumia kidogo. Nao sasa wamekubali kushika mkasi na kujifunza tapi kwa bibi yao, ingawa kila fundo la tatu lazima lipigwe picha kwanza.

Juzi, tukiwatazama wakibishana juu ya rangi, nilimwuliza Mama kwa nini siku ile hakunipiga. Alicheka.

"Tangu volkano nilikuwa nalalaka na viatu, mwanangu. Kila siku nilikuwa tayari kukimbia. Halafu nikaona mutoto wangu anatafuta rangi ya kupamba nyumba. Mutu mwenye anataka kukimbia hafanyake tapi. Ile siku njo nilivua viatu."