Mke Wangu Amesema Nikinunua Kibao, Ninunue Kikubwa

Ndugu wasomaji, jina langu limefichwa kwa sababu Newala ni mji mdogo na mimi nimeshachekwa vya kutosha. Nina miaka arobaini na saba, nina mke na binti mmoja, lakini naishi peke yangu. Msinicheke mkisikia kwamba kinachonikosesha usingizi ni kibao cha kukatia mboga. Someni kwanza mpaka mwisho.

Nilikuwa karani wa chama cha ushirika cha korosho. Walipokuja wanunuzi binafsi wa korosho, ofisi yetu ikapunguza watu, nami nikawa mmoja wao. Mke wangu, ambaye hapa nitamwita Mama Asumini, hakulia wala hakunilaumu. Alifunga masufuria yake akaenda Nanganga, kule barabarani, kuwapikia abiria na madereva. Alisema, "Baba Asumini, ni msimu huu tu. Korosho zikiisha narudi." Korosho zikaisha. Akaja kweli, akamchukua binti yetu, akachukua na kinu, akarudi zake Nanganga. Mke akija kuchukua kinu, jamani, huyo hafikirii kurudi.

Nikaanza kujipikia. Wanawake wa kwetu hukatia mboga mkononi: kitunguu kiko kiganjani, kisu kinapita, na damu haitoki. Mimi nilijaribu nikajikata vidole mpaka nikashindwa kushika jembe. Nikamwendea seremala, akanitengenezea kibao cha mninga. Zamani niliwahi kumwambia Mama Asumini tununue kibao kama nilichokiona nyumbani kwa bosi wangu. Alicheka sana. "Kibao ni cha mtu asiyejua kushika kisu," alisema. Basi mtu huyo ndiye mimi.

Kibao kilikuwa kizuri, ila kikashika harufu ya dagaa. Shida ya maji ya Newala mnaijua, ndoo moja unaipangia matumizi kama mshahara, huwezi kuimalizia kwenye kusugua ubao. Nikikata papai, papai linanuka dagaa. Nililila hivyo hivyo, maana sikuwa na wa kumlalamikia. Hilo ndilo linaloniuma, wala si harufu. Chakula kibaya kinataka mtu wa kumwambia kwamba ni kibaya.

Siku moja nikavaa shati langu la ofisini, nikashuka Masasi, na kutoka hapo nikadandia lori mpaka Nanganga. Nilimkuta kibandani kwake amesimama mbele ya ubao mpana kama mlango wa kabati, anakatia vitunguu juu yake, kisu kinakwenda mbio na yeye wala hakitazami. Yeye aliyenicheka! Iliniuma kuliko kama ningemkuta na mwanamume. Niliona amejifunza maisha mengine ambayo mimi simo.

Alinikaribisha vizuri, akaniambia binti yuko shuleni, akanipakulia wali na maharage, akanikalisha benchi moja na madereva. Nikamuuliza, "Unarudi lini nyumbani?"

Akajibu huku anaendelea kukata, "Nyumbani kuna nini, Baba Asumini? Hapa hakuna ukarani, lakini vitunguu vipo. Ukiweza kukata, karibu."

Dereva mmoja akacheka. Nikaacha wali nusu sahani, nikaondoka bila kuaga.

Baada ya hapo ndipo nilipofanya ujinga. Mchana mmoja, kwa upweke tu, nilichukua korosho mbichi nikawa nazipasua kwa nyundo juu ya kibao kile. Kila mtu wa huku anajua tangu utotoni kwamba mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi, ndiyo maana korosho huchomwa kabla ya kubanguliwa. Nami nilijua. Akili haikuwa pale. Nikaufuta ubao kwa kitambaa, jioni nikakatia kachumbari, nikala. Kulipokucha midomo ilikuwa imevimba, ulimi unawaka moto, siwezi kumeza chochote isipokuwa uji, na wa kuupika uji hayupo. Nilijifungia ndani kwa aibu. Hakuna aliyegonga, wala hakuna aliyeuliza mbona sionekani.

Mwishowe jirani yangu, Mama Rashidi, alikuja kuomba moto. "Yallah! Baba Asumini, umekula nini?" Nikamwonyesha kibao. Akashika kichwa. Lakini alinipikia uji, Mungu ambariki.

Mama Rashidi akienda Lindi kwa mwanawe hupita Nanganga, naye ndiye aliyepeleka habari. Aliporudi alinieleza: "Mwenzio alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akalia. Kisha akasema, mwambie akichome kile kibao. Na akinunua kingine, anunue kikubwa."

Nimeshakichoma. Siku hizi pale sokoni vimejaa vibao vya plastiki kutoka nje, vyeupe, havishiki harufu na maji kidogo tu vinatakata. Kijana wa duka aliniwekea viwili mezani, kidogo na kikubwa. "Shikamoo mzee. Nyumbani mko wangapi, nikuchagulie?" Marahaba niliitikia, nikavigeuzageuza vile vibao. Nikamwambia nitarudi.

Kile kidogo kinatosha nyanya moja na kitunguu kimoja. Nikikinunua, nimekubali kwamba hivi ndivyo nitakavyozeeka. Kikubwa hakina kazi jikoni kwangu. Nikikibeba, safari yake ni Nanganga, na huko nitaitwa mume wa mama ntilie. Hilo nadhani nitalizoea. Ninachoogopa ni kwamba labda Mama Asumini amechoka tu, anatafuta mkono wa kukata vitunguu, nami nitasimama kando yake kutwa nzima nikiwa mpweke kuliko nilivyo huku. Lakini Mama Rashidi anaapa kwamba alilia. Mtu hamlilii kibarua, au humlilia?

Wasomaji, hasa nyinyi kina mama mnaojuana kwa maneno machache, nishaurini. Ninunue kipi?