Upande wa Kushoto wa Faiz

Mikono ya Gharib ilijulikana Wiyoni, mtaa wa Lamu, kuliko sura yake. Alikuwa mchonga mawe ya ujenzi, na nyundo ilimfunza vibaya: aliamini kila kilichosimama mbele yake kimesimama ili kipigwe. Alimvunja mtu pua kwenye foleni ya maji. Alimtosa baharini bwana harusi, kanzu, joho na kilemba, eti alicheka wakati usio wake. Watu wakamwita Bwana Gharib kwa adabu nyingi, na wakivuka kwenda upande wa pili wa kichochoro.

Aliyelipa ni mdogo wake, Faiz. Miaka sita iliyopita Faiz alimwazima jirani punda wa Gharib bila kuuliza. Kwa ajili ya punda! Gharib alimvaa uani, mbele ya mama yao, Bi Nana, akampiga ngumi moja tu. Kidoleni alikuwa na pete ya akiki. Jicho la kushoto la Faiz lilipasuka na kumtiririka shavuni kama ute wa yai, na hadi leo pale pana kovu na kope zilizoshonwa.

Bi Nana hakulia. Alimwamuru Gharib akanawe damu ya nduguye, atawadhe, kisha akamwekea msahafu mbele.

"Apa," alisema. "Siku utakayompiga mwana wa Adamu tena, jeneza langu usilitie mkono."

Gharib aliapa, kiganja juu ya msahafu. Kwetu hata mpita njia asiyemjua maiti huacha shughuli zake akatia bega chini ya jeneza hatua mbili tatu, apate thawabu. Mwana wa kiume kunyimwa la mamake ni bora achinjwe.

Faiz alipopona alikuja na wazimu wake: baiskeli. Kisiwa cha Lamu hakina barabara ya kumchosha mpanda baiskeli. Anayetaka mwendo wa usiku kucha lazima avuke, na manahodha hawataki baiskeli nzima botini. Ndipo zikaja hizi za kukunja, zenye magurudumu madogo. Unafyatua komeo la bawaba, inajikunja katikati, unaipakata. Kila Ramadhani, baada ya tarawehe, watu kumi na kitu walivuka kwa boti hadi Mtangawanda, wakapanda baiskeli kukata kisiwa kizima cha Pate hadi Kizingitini na kurudi. Usiku, kwa sababu mchana mtu amefunga na koo limekauka.

Safari ya kwanza Faiz alimgonga punda aliyelala njiani, upande wa kushoto, akarudi na mbavu zilizoteguka. Safari ya pili Gharib alitokea gatini na baiskeli ya kukunja kwapani. Hakualikwa. Alishika upande wa kushoto wa nduguye, na kazi yake ikawa moja.

"Shimo," alisema. "Iwe. Punda." Iwe kwetu ndilo jiwe.

Miaka minne hayo ndiyo maongezi yao. Msamaha hakuna aliyeuomba, hakuna aliyeutoa.

Ramadhani iliyopita Bi Nana alikuwa kitandani, miguu imevimba, na daktari ameacha kutaja siku. Yeye mwenyewe ndiye aliyewatimua wanawe waende safari yao. Balaa lilianzia kwa Hussam, kijana wa kundi mwenye mzaha usio na breki. Walipokuwa wakikatiza kijiji kimoja, saa sita na nusu za usiku, Hussam alichomoa debe tupu mgongoni akalipiga kwa spana.

"Daku! Daku, enyi waliolala! Amkani mule!"

Wenzake walicheka hadi wakayumba. Waliporudi njia hiyo hiyo, saa tisa kasoro, pancha iliwasimamisha kisimani, nje kidogo ya kijiji.

Hawakujua walichoacha nyuma. Mwezi wa Ramadhani hakuna anayetazama saa. Mpiga debe la daku huaminiwa kama muadhini. Kijiji kizima kilikuwa kimeamka. Wanawake walipasha wali, wazee na wagonjwa wakala, wakanuia, wakafunga vinywa, maji hawakugusa tena. Wanaume walikwenda kuswali alfajiri, wakakuta mlango wa msikiti umefungwa na saa ya barazani inasema saa nane. Mzaha wa kijinga, nasema mimi, na wa kwetu hasa. Mtu wa mbali asingejua hata kuufanya.

Wanakijiji walikuja kimya, na marungu na michi ya kutwangia. Pigo la kwanza lilimkata Hussam sauti katikati ya kicheko. Taa zilivunjwa. Magurudumu yalipindwa kwa visigino, mtu akaburutwa kwa ndevu hadi tope la kisima likamwingia kinywani. Gharib alijikunja, mikono kichwani. Alipigwa mgongoni na magotini, akatamka shahada yake, hakurudisha.

Kisha akamwona mtu mwenye mchi. Alikuwa akimnyemelea Faiz kutoka kushoto.

"Faiz! Shoto!" alipiga kelele. Lakini Faiz aligeuza kichwa taratibu, kama alivyozoea, na mchi ukamshukia juu ya sikio. Alianguka bila kunyoosha mikono.

Gharib aliinuka. Ngumi ya kwanza ilimng'oa mwenye mchi jino, nusu yake ikabaki imechomeka kwenye kifundo cha kidole cha Gharib. Wa pili alisikika mbavu zikilia. Wa tatu alipigwa kwa baiskeli: Gharib aliifyatua komeo, akashika upande mmoja, upande wa pili ukazunguka kwenye bawaba na kumvunja mkono mahali pawili. Na lililo baya zaidi ni hili: alisikia raha. Miaka mitano ya kiu, akanywa. Alikuwa bado anainua baiskeli pale wazee wa kijiji walipofika kuwatenganisha.

Habari ilitangulia nyumbani. Bi Nana aliwasimamisha wote wawili kando ya kitanda, Faiz kichwa kimefungwa, Gharib mkono umefichwa nyuma.

"Faiz, mwanangu. Nduguyo alipiga mtu?"

Faiz aligusa kope zake zilizoshonwa. "Alikuwa shoto langu, mama. Sikuona kitu."

Ilikuwa kweli tupu. Gharib angeweza kunyamaza. Lakini kutetewa na jicho lile, jicho alilolitoa mwenyewe kwa sababu ya punda, kulimshinda kubeba. Aliutoa mkono wenye bandeji.

"Watatu, mama. Nimewapiga watatu."

Bi Nana aliushika ule mkono, akauweka kifuani. "Neno langu ni lile lile," alisema, na machozi yakamtoka. Hakuuachia hadi alipolala.

Alikufa siku nne baadaye. Jeneza lilipotoka, majirani walipokezana, na watu wasiomjua wakatia mabega yao. "Bwana Gharib, shika!" walimwita. Hakushika. Mikono aliifunga nyuma, na watu wakashangaa.

Faiz alikuwa mbele, jeneza begani kulia, likimziba jicho lake zima, akipapasa njia kwa miguu. Gharib alisogea upande wake wa kushoto.

"Iwe," alisema, akilia wazi kama mtoto. "Ngazi. Mtaro."

Faiz aliinua mguu, akavuka.