Kocha wa Mvua

Mume wa dobi alikuwa na miaka arobaini na tisa, kitambi, cheti cha ukarani kilichotiwa fremu, na timu ya mazimwi sita. Kazi hakuwa nayo. Ile ya ukarani aliiacha mwenyewe kwa madai kwamba bosi wake hana akili, na tangu siku hiyo hajatokea bosi mwenye akili za kumtosha.

Mazimwi yenyewe yalikaa ndani ya televisheni. Ni mchezo: kila mtu anachagua mazimwi yake sita, anayatoa uwanjani mawili mawili, yanapigana mpaka ya upande mmoja yaishe. Wachezaji walikuwa na ukumbi wao juu ya duka la vipuri, na huko mume wa dobi aliitwa Kocha. Jina hilo alijipa mwenyewe, wenzake wakalizoea kama mtu anavyozoea harufu ya choo cha jirani.

Mazoezi aliyafanyia nyumbani, katika chumba cha uani, na chumba hicho ndicho kilichomkaa dobi rohoni. Alikijenga yeye, kwa kufua, ili awe na pa kuanikia mvua zikianza. Madirisha mapana pande mbili, upepo unaingia huku unatokea kule, kamba nane kutoka ukuta hadi ukuta. Miaka mitatu nyuma alikwenda kumuuguza mama yake kwa wiki tatu. Aliporudi alikuta kamba zimekatwa, madirisha yamezibwa kwa mapazia meusi ili kioo cha televisheni kionekane vizuri, na kochi limetia nanga katikati. Hakuna aliyemwomba ruhusa. Aliambiwa tu kwamba kamba zake ziko kwenye ndoo.

Tangu hapo, kila masika alianika kwenye korido, juu ya viti, juu ya milango. Nguo zikatoka na uvundo. Zahanati ikampa mtu mwingine makoti yake ya kufua. Nyumba ya wageni, ambayo ndiyo kazi pekee aliyobaki nayo, ilimtamkia wazi kwamba likirudi shuka moja tu linalonuka msimu huu, asihangaike kuja tena.

Mwaka huo huo ndipo Kocha alipoamua kujenga timu ya mvua. Mtu ambaye hajawahi kuinuka kitini kuanua hata soksi wakati wingu limetanda, sasa alikuwa mtaalamu wa mvua. Alikuwa na chura mmoja, akishuka uwanjani tu, mvua inanyesha hapo hapo, kwa zamu tano. Mvua ikinyesha, samaki wake wanakimbia mara mbili, radi zao hazikosei, na mazimwi ya moto ya adui yanabaki kufuka moshi. Haya yote Kocha aliwaeleza marafiki zake kwa sauti ya mtu anayehutubia, mlango wazi, naye dobi yuko koridoni na pasi yake. Hakukanyaga shule hata siku moja, lakini macho yake yalikuwa mazima, na wiki mbili hazikupita kabla hajaujua mchezo wote kwa picha na rangi.

Akaona kosa. Kocha alikuwa amemfundisha chura mbio tu. Kila pointi ya mazoezi aliipeleka kwenye mbio, na kila mgeni alionyeshwa jinsi chura huyo anavyowahi kufungua mvua kabla adui hajapumua. Lakini dobi alikuwa ameona kinachotokea pande zote mbili zikitoa mleta hali ya hewa kwa wakati mmoja. Mwenye mbio anafungua kwanza. Halafu mzito anafungua yake, na ya kwanza inafutika. Inayobaki uwanjani ni ile iliyokuja mwisho. Kwa mtu aliyeanika nguo miaka ishirini na mitano, hilo halikuhitaji mwalimu: jua la asubuhi lina faida gani kama saa nane mvua imelikuta shuka kambani?

Alimwambia, kwa nia njema kabisa. Wakati huo bado alikuwa na akiba ya nia njema.

"Baba watoto, huyo chura mpunguzie mbio. Akitangulia, mwenzake atamfutia mvua."

Kocha aliwaita marafiki zake, akamtaka arudie mbele yao. Aliporudia, akawatazama wenzake kwanza, kisha yeye.

"Mama watoto, hata jina la huyo chura huwezi kulisoma. Hapa kuna hesabu. Hapa siyo ndoo na sabuni."

Wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akamwaga chai juu ya mashuka yaliyokwisha kupigwa pasi. Dobi aliyachukua, akayafua upya, na tangu siku hiyo habari za chura hakuzitia tena mdomoni.

Kaka yake alipopata habari za zahanati, alikuja kumkalisha Kocha chini. Alitaka chumba kirudi. Kocha alizunguka, akasifu cheti chake, akataja mashindano ya ukumbini yanayokuja, na mwisho, kwa kuwa shemeji haondoki, akaapa.

"Shemeji, nikitolewa raundi ya kwanza, dada yako anapata chumba siku hiyo hiyo. Nikivuka, habari ya kamba nisiisikie tena humu ndani."

Kaka mtu alikubali kwa shingo upande, maana hakuna kingine kilichokuwa kikipatikana kwa mtu yule.

Ratiba ilipobandikwa, Kocha alirudi nyumbani anapiga mluzi. Kapangiwa fundi viatu, mzee ambaye timu yake ni ya jua, na mleta jua wake ni kobe. Kocha aliuigiza mwendo wa kobe huyo mbele ya marafiki zake, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine. Koridoni pasi ilisimama juu ya shuka, nusura iliunguze.

Asubuhi ya mashindano Kocha alitokea na fulana yake imenyooka, akasimama pale koridoni asiondoke. Hofu ilikuwa imempa adabu kidogo.

"Mama watoto, siku ile ulisema nini kuhusu chura?"

Dobi alikuwa na muda wa kulisema, naye mumewe alikuwa na muda wa kumrekebisha yule chura. Neno lilikuwa pale pale ulimini. Akayafikiria makoti ya zahanati, akamfikiria yule wa chai.

"Mimi najua nini, baba watoto? Mwenye hesabu ni wewe. Mpeleke kama ulivyompanga."

Kocha alitabasamu, akasema hapo sasa amenena, akaondoka.

Dobi hakusubiri matokeo. Mgongo wa mumewe ulipopotea kwenye kona, aliliburuta kochi hadi barazani, akayavuta mapazia kando, akafunga kamba, zote nane. Saa sita mawingu yalipoanza kushuka, mashuka ya nyumba ya wageni yalikuwa ndani, yanapepea.

Mambo ya ukumbini alisimuliwa na muuza vipuri. Chura alitangulia, mvua ikanyesha, Kocha akanyanyua mikono kushangiliwa. Kobe akaingia nyuma yake, jua likawaka. Mvua haikumaliza hata muda wa mtu kufunga kifungo. Samaki wakapoa, radi zikaenda kupiga ukuta, na mazimwi sita yakaisha kabla fundi viatu hajapata sababu ya kuvua aproni.

Kocha alirudi amelowa chapachapa. Akaliangalia kochi, akaziangalia kamba, akasafisha koo kama mtu mwenye hotuba. Dobi alimwekea pembe mbili za shuka mikononi, akashika mbili zake.

"Unajua tatizo lilikuwa nini?" Kocha alisema. "Chura alikuwa na mbio mno. Hali ya hewa inayobaki ni ya yule anayechelewa. Lakini hayo ni mambo ya kitaalamu, huwezi kuyaelewa."

"Nyanyua," dobi akamwambia. "Linaburuza chini."