Kiuno cha Mama Bonge

Mama Bonge alikuwa mtu wa kushuku tangu zamani, kabla hata hajawa mama wa mtu. Akinunua maziwa dukani, hunusa pakiti kwanza ndipo alipe. Akiambiwa amependeza, hugeuka kuangalia ni nani anayecheka nyuma yake. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa kuwa alishona nguo katika chumba cha mbele cha nyumba yao, alikuwa akisema ameoa askari asiye na mshahara. Mtoto wao alizaliwa na mashavu ya mtu anayepuliza moto, majirani wakamwita Bonge siku ileile walipokuja kumwona, na jina likamfuata mama. Hakulipenda. Kila alipoitwa alijiuliza kama bonge anayetajwa ni mtoto au ni yeye mwenyewe.

Likizo ya uzazi ilipokaribia ukingoni, alitoa sare yake kabatini aijaribu. Alikuwa mpokea wagonjwa katika zahanati moja, na wa mapokezi wote huvaa gauni la zambarau lenye zipu mgongoni. Alilipandisha kutoka miguuni, likagoma mapajani. Akalivaa kwa kupitia kichwani, likagoma kifuani, akabaki mikono juu na uso umefunikwa, haendi mbele wala harudi nyuma. Alipofanikiwa kujinasua alikaa kitandani akalia kwa sauti, bila kujali kwamba chumba cha mbele kina wateja.

Fundi alikuja mlangoni na tepu yake shingoni.

"Mke wangu, hilo si la kulilia. Nitakushonea jingine leo hii."

"Kubwa?"

"La kukutosha."

"Toka," alisema Mama Bonge.

Hakutaka la kumtosha. Kwenye kiti chake pale mapokezi alikuwa ameshawekwa binti mmoja mwembamba, mwenye sauti nyororo, ambaye wagonjwa walikuwa wameanza kumzoea. Mama Bonge alitaka kurudi kwenye kiti kile akiwa yeye, ndani ya gauni lile lile, wasije wakamtazama juu hadi chini na kumwambia "karibu" kama mgeni. Alitaka mwili wake. Kama haungerudi, basi angalau ajue mapema, asijichoshe bure.

Siku ya pili yake, wifi yake alisimama mlangoni akiwa amevaa raba.

"Wifi, vaa viatu, twende tukatembee."

Hapo ndipo shaka ilipoanza. Wifi huyu ni msusi. Hukaa juu ya kigoda chake tangu asubuhi, na akitaka chumvi hapohapo jirani humtuma mtu. Leo amepata wapi hamu ya kutembea?

"Nani kakutuma?" Mama Bonge aliuliza.

"Kwani lazima nitumwe? Mgongo unaniuma."

Fundi, ndani, aliinamia cherehani kana kwamba hakusikia kitu. "Nenda tu," alisema bila kuinua macho. "Bonge niachie mimi. Huyu mlio wa cherehani ndio unamlaza."

Kwa hiyo akaenda, ingawa roho haikutulia. Walizunguka ukuta wa shule, wakapita kwenye karakana za magari, wakapanda kilima cha tangi la maji. Kwa mtu mwenye miguu yake timamu kilima kile si kitu, lakini yeye alikipanda akihema, kiuno kinauma, maziwa yanamvuja na kulowesha fulana, na mafundi wa magari wakiacha spana zao kumwangalia, au ndivyo alivyoamini. Alirudi nyumbani akajitupa kwenye mkeka. Aliapa hatoki tena.

Kesho yake akatoka, lakini kwa hasira tu. Keshokutwa akatoka kwa sababu wifi alimvuta mkono. Kisha ikaja siku ambayo miguu iligoma kabisa, akamwambia wifi aende peke yake, na alipoachwa alikwenda kabatini, akaivaa tena ile sare ili ajihakikishie kwamba anapoteza wakati.

Gauni likapita mapajani.

Zipu haikufunga, ilikwama katikati ya mgongo, lakini gauni lilikuwa limepita! Mama Bonge alijitazama kwenye kioo mbele, akajitazama ubavu, akalivua, akalivaa tena asije akawa ameota. Ukweli usemwe: hakuna hotuba ya daktari wala kelele za wifi ambazo zingeweza kumfanyia kazi iliyofanywa na gauni lile. Jioni hiyohiyo alifunga viatu mwenyewe akamfuata wifi barabarani. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyekuwa akimgongea msusi mlango. Akala chakula kwa kiasi, akaacha soda, na kile kilima akawa anakipanda bila kusimama katikati. Kila Jumamosi alilijaribu gauni, na kila Jumamosi zipu ilipanda kidogo zaidi.

Furaha ilipozidi akataka kuitia muhuri. Alimwendea mumewe akanyoosha mikono apimwe kiuno. Fundi alizungusha tepu, akaitazama, akatabasamu.

"Thelathini na nne."

"Kweli?"

"Kama unavyosikia."

Na hapo furaha ikaingia doa, maana Mama Bonge aliijua vizuri kazi ya mumewe. Fundi hakuwahi kumtajia mwanamke kipimo cha kweli. Mteja akisimama mbele yake, hutaja kwa sauti namba inayopendeza, huku kichwani ameshika ile halisi, na kitambaa hukikata kwa ile ya kichwani. Nguo ikija kuvaliwa inakaa vizuri, mwanamke anaondoka akiamini ana kiuno cha usichana wake, na mwezi ujao anarudi na kitambaa kingine. Mwalimu wa jirani alikuwa akitajiwa thelathini na sita mwaka wa nne sasa, na sketi zake zikizidi kupanuka. Kwa wanaume Fundi hakuhangaika, aliwatajia ilivyo nao hawakujali. Mama Bonge alikuwa akicheka sana akiona wenzake wanavyovishwa kilemba cha ukoka. Siku ile hakucheka. Aliamua namba za mumewe hazimhusu, ataliamini gauni tu, kwa kuwa gauni halimtafuti mteja.

Siku chache baadaye akaona uzi.

Ulikuwa umeganda kwenye goti la suruali ya Fundi, uzi wa zambarau. Mama Bonge alivijua vitambaa vyote vilivyokuwa rafuni, kilichokuja na kilichotoka, na hakuna mteja aliyeleta zambarau. Zambarau ile aliijua mahali pamoja tu. Ni rangi ya mapokezi, na kwa kuwa gauni lake lilikaa kabatini, kwa sasa aliyekuwa anaivaa ni yule binti mwembamba mwenye sauti nyororo.

Machale yakamcheza. Alianza kukumbuka mambo. Mbona kila wakirudi, wifi hukohoa kwa nguvu wakiwa getini, naye haumwi kifua? Mbona akiingia hukuta cherehani imenyamaza ghafla, na Fundi ananyoosha mgongo kama mwanafunzi aliyesikia hatua za mwalimu? Mbona pasi huwa ya moto wakati mezani hakuna nguo? Na huyu mume anayemsukuma mkewe atoke kila jioni, hata siku ya mawingu, anataka apungue au anataka aondoke? Aliviunganisha vyote usiku na mchana mpaka vikawa kisa kizima, chenye mwanamke na wakati wake wa kuja na kuondoka.  Aliendelea kuosha nguo za mtoto, akimtazama mumewe kwa pembe ya jicho.

Jioni moja walipofika kwenye karakana za magari, alisimama.

"Wifi, maziwa yamenijaa. Narudi."

"Aa, bado kidogo! Tufike tangini kwanza."

"Wewe endelea."

"Subiri basi nimpigie kaka amwandae mtoto," alisema wifi, akaanza kupapasa simu, na mkono wa pili akaung'ang'aniza kwenye kiwiko cha Mama Bonge.

Kama kulikuwa na shaka iliyobaki, iliishia hapo. Mama Bonge alijitoa mkononi akaondoka, na wifi aliyekuwa akimkimbiza wiki zote zile sasa hakuweza kumfikia. Alipita uchochoroni, akaingia kwa mlango wa jikoni, viatu mkononi. Alikuwa ameshapanga maneno yote, la kwanza mpaka la mwisho. Akasukuma pazia la chumba cha mbele.

Hapakuwa na mwanamke. Bonge alikuwa amelala kwenye kapu lake, mdomo wazi. Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda, gauni la zambarau limegeuzwa ndani nje juu ya magoti yake, wembe mkononi, anafumua mshono wa ubavuni. Ubavu mmoja alikuwa ameshaumaliza. Alikuwa ameushona upya karibu na ukingo wa kitambaa, na juu ya alama za mshono wa zamani alikuwa ameweka kitambaa kilicholowa maji, tayari kupigwa pasi zisionekane.

Mama Bonge alishusha pumzi. Kwa dakika moja nzima alikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote mtaani. Kisha akaangalia tena kile kilichokuwa magotini mwa mumewe, na akaelewa.

"Tangu lini?" aliuliza.

Fundi alishtuka hata wembe ukamponyoka. "Mama Bonge..."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Tangu ulipolia. Nilitaka sare ikupe moyo kidogo tu. Nikafungua mishono kidogo, ukafurahi. Ukaanza kutoka mwenyewe. Sasa nikawa siwezi kuacha, Jumamosi ikifika nawaza usije ukaivaa ukakuta palepale, ukavunjika moyo."

"Na dada yako anajua."

"Anajua."

"Kwa hiyo ninyi mnanicheka."

"Hakuna aliyekucheka! Wallahi hakuna."

Mama Bonge alikaa chini sakafuni, pale pale alipokuwa. Laiti angekuta mwanamke, maneno alikuwa nayo.  Alifikiria kile kilima na jua la jioni, na zile Jumamosi alizojitazama ubavu kwenye kioo akimwambia mtoto, "Muone mama yako." Aliona aibu mbele ya mtoto aliyelala.

"Nimepungua au sijapungua?" aliuliza mwishowe.

"Umepungua," alisema Fundi haraka.

"Ukinijibu haraka hivyo siamini."

Fundi aliokota wembe sakafuni. Nje kikohozi cha wifi kilisikika getini, kikubwa, kimechelewa. Hakuna aliyekijali, na mwenye kukohoa hakuingia.

Mama Bonge aliinuka. Alisimama katikati ya chumba, mahali wateja wanaposimama, akanyoosha mikono.

"Nipime."

"Mke wangu, tungoje kwanza..."

"Nipime kama unavyompima mwanaume."

Fundi aliinuka, gauni likateleza sakafuni, akaivua tepu shingoni.  Aliizungusha, na Mama Bonge akaihisi inabana.

"Usivute."

Akailegeza. Aliitazama ile namba kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma jina la mgonjwa ambalo hataki kuliita.

"Thelathini na nane," alisema.

Ilimchoma. Hakuna haja ya kuficha, ilimchoma mpaka machozi yakamlenga, kwa sababu kichwani mwake alikuwa ameshazoea kuishi na thelathini na nne. Fundi alifungua mdomo na neno "lakini" likaanza kutoka.

"Nyamaza," alisema Mama Bonge. "Rudia kupima."

Akarudia. "Thelathini na nane."

"Na siku ile nilipolia, ilikuwa ngapi?"

"Sikukupima. Nilikukadiria kwa macho. Arobaini, au ilizidi kidogo."

"Hiyo ya macho siitaki."

"Basi sina nyingine."

Alipenda mumewe alivyojibu. Hakuongeza sukari, hakutabasamu. Mama Bonge alifuta macho kwa mgongo wa mkono, akaokota gauni sakafuni, akampa. "Lirudishe lilivyokuwa. Mishono yote. Kama sitaingia mpaka siku ya kurudi kazini, utanishonea jingine la thelathini na nane, au la hiyo namba itakayokuwepo, na nitalivaa. Kiti ni changu nikiwa na kiuno chochote."

"Sawa."

"Na kila Jumamosi utanipima wewe. Hivi hivi."

"Nitakupima." Fundi alisita. "Lakini wewe huniamini hata nikikwambia mvua inanyesha. Nikikudanganya utajuaje?"

Mama Bonge alifikiri. Aliitazama ile tepu, ambayo siku zote mwenye kuisoma ni aliyeishika, na macho yaliyo karibu na namba ni ya mtu mmoja tu. Maisha yake yote alikuwa na njia ya kuhakikisha. Maziwa aliyanusa, na nyumba yake mwenyewe ameiingia leo kwa mlango wa jikoni.

"Sitajua," alisema. "Ndiyo maana nakuomba."